Mikono Miwili

Marwa alikuwa ameangusha mipira minne kati ya sita. Pale kwenye uwanja wa chuo, Maryland, hakuna aliyemshinda mbio wala kuruka, lakini kila mpira aliukumbatia kifuani, na mingi ikamponyoka.

Bosi wangu, anayeitafutia timu ya kulipwa wadakaji wa mpira wa Kimarekani, alishika kalamu. "Mwili anao, mikono hana. Bado mmoja, kisha namfuta kwenye orodha."

Nilimpelekea Marwa maji. Aliinama kidogo, akaipokea chupa kwa mikono miwili, vidole vimetanda.

"Nani alikufunza hivyo?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Ni bibi yangu, dada. Ukipokea kwa mkono mmoja, chakula kinarudi jikoni."

"Basi mpira huu wa mwisho anakupa yeye."

Alicheka, akatimua mbio. Mpira ulikuja juu, mkali. Marwa aligeuka, akatanguliza mikono yote miwili, nao ukatua viganjani ukatulia. Nilimshukuru moyoni bibi nisiyemjua.

Alirudi akitweta, akamkabidhi bosi wangu mpira ule vilevile, kwa mikono miwili.

"Ahsante kwa kunitazama," alisema.

Bosi aliweka kalamu chini ili aupokee.