Upande wa Kesho

Kompyuta ya kila nyumba ilikuwa na pande mbili: upande wa Leo, ambako watu walihifadhi mambo yao, na upande wa Kesho, uliopanga mahitaji ya siku inayofuata na haukuwahi kukosea.

Ya Zamzam ilikuwa wiki nzima inazimika ovyo, kisha inawakia upande usiotakiwa, na picha za harusi yake zikapotea. Asubuhi hiyo akaingia mwenyewe upande wa Kesho, akapekua faili moja baada ya jingine, mpaka moyo ukamruka.

“Khatibu, njoo uone. Zimo zote, hata ile ya mama anacheza.”

Mumewe akaja mbio, taulo begani. Mama mkwe, Bi Mize, akajikongoja kutoka jikoni, anacheka kabla hajaona kitu. Zamzam akazihamisha zote upande wa Leo.

Chini ya picha ya mwisho palikuwa na orodha ya kifungua kinywa cha kesho: chai vikombe viwili, kimoja bila sukari.

Nyumbani walikuwa watatu, na wote hunywa chai kila asubuhi. Kisicho na sukari kilikuwa cha Bi Mize. Kile kingine kilikuwa chake, au cha Khatibu.

“Kuna nini tena huko?” Khatibu akauliza.

“Hamna kitu,” alisema Zamzam, akamshika mkono, asiuachie.