Pingamizi la Marehemu Lihumbo

"Kuna marekebisho kwenye muhtasari wa kikao kilichopita?" Mwenyekiti Kapungu aliuliza, akilamba mafuta ya sambusa kidoleni kabla ya kufunua ukurasa. Salome, katibu wa kamati ya shule, aligeuza uso kwa kinyaa.

Wajumbe walitikisa vichwa.

"Mimi ninalo moja," Kapungu alimwambia Salome. "Hapa umeandika marehemu Lihumbo alipinga kuuzwa kwa uwanja wa shule. Sahihisha, aliafiki."

"Mwenyekiti, alipiga meza hii mpaka chai ikamwagika! Sote tulikuwepo."

"Anayekumbuka hivyo anyooshe mkono."

Salome aliwatazama mmoja mmoja. Jumamosi tu watu hawa walikuwa wakigombania kubeba jeneza la Lihumbo, wakilia kama watoto. Sasa kila mtu alikuwa anachungulia kikombe chake.

Kapungu akakata neno "alipinga" kwa mstari mmoja, akamsukumia karatasi. "Saini, Bi Katibu, tuendelee."

Salome alishika kalamu bila kuifungua, macho yameganda kwenye doa la chai lililobaki kwenye kitambaa cha meza, mbele ya kiti kitupu cha Lihumbo.

Kapungu akaliona. Taratibu, akasogeza sahani ya sambusa na kulifunika.