Kicheche na Toleo la Pili

Mchwa wa bonde lile walijenga chochote, mradi uwaamrishe kwa lugha yao. Ila walitenda ulichosema, si ulichokusudia.

Siku moja Kicheche, mpenda mambo mapya, akaitisha kikao cha kuandaa toleo la pili la lugha hiyo.

"Imejaa makorokoro," alisema. "Hili neno 'basi', nani amelitumia mwaka huu?"

"Sisi hutaja kipimo tangu mwanzo," Nungunungu akajibu. "Wakikifikia, wanaacha wenyewe."

Fuko, mwoga kuliko wote, akainua mkono. "Mimi nililitumia, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mara moja tu, nilipokisahau kipimo, wakakaribia kuniziba shimoni."

"Mara moja!" Kicheche akacheka, na wajumbe wakacheka naye. Kisha akasimama, maana kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe, kura haikuhesabiwa mpaka mwenyekiti asimame. Neno likafutwa. Mchwa wakafundishwa toleo jipya, makofi yakapigwa.

Kicheche akaketi kwa maringo, akatoa amri ya kwanza: "Nijengeeni kiti hapa hapa nilipo!"

Kiti kikapata mgongo, kikapata mikono, kikaanza kupata kuta. Udongo ulipomfika kwapani, Kicheche akapiga kelele, "Basi! Jamani, basi!"

"Neno hilo halimo," mchwa wakajibu kwa adabu, huku wakiendelea. "Lipelekwe kikaoni."

"Wajumbe, lirudisheni upesi!"

Mikono yote ikainuka, wa Fuko ukiwa wa kwanza.

"Tumekubali, Mheshimiwa," akasema Fuko. "Sasa simama tuhesabiwe."