Sikio Lililochanika

"Kata sikio," alisema yule mtu aliyeketi mkekani. "La kushoto. Lichanike hapa chini."

Ipuki alishusha nyundo. Tangu aanze kuchonga sanamu pale Memfisi, hakuna aliyewahi kumwambia aharibu sikio zima.

"Sanamu ya mwandishi wa hekalu, na sikio limechanika? Watu watanicheka."

"Ndoana ilimnasa utotoni. Nani anamjua, mimi ndugu yake au wewe?"

Ipuki alimgeukia mjane, Henut, aliyekaa kivulini na kikapu cha mikate. Henut aliinamisha uso.

"Mfanyie shemeji anavyotaka, fundi," alisema.

Basi Ipuki akalichana sikio.

Kazi hii ilikuwa na nuksi tangu mwanzo. Senbi, mwandishi wa ghala la hekalu, alituhumiwa kuiba ngano, na adhabu yake kila mtu aliijua: kukatwa pua, kisha machimbo ya jangwani mpaka kufa. Hakungoja askari. Mdogo wake Hepu, mvuvi wa kule kwenye mafunjo, alikuja na mtumbwi, wakatoroka pamoja. Kiboko akaupindua mtumbwi. Waliondoka wawili, akarudi mmoja, akimlilia ndugu yake. Mwili haukuonekana. Mamba hawabakizi kitu.

Bila mwili wa kukausha na kuvika sanda, roho ya marehemu ilibakiwa na nyumba moja tu, nayo ni jiwe. Jiwe lenye uso wake na jina lake. Likikosa hayo, anakufa mara ya pili, na safari hii ndiyo basi.

Ndugu hao walifanana hata watu waliwachanganya. Kwa hiyo Ipuki alimketisha huyu aliyebaki, miguu imekunjwa, karatasi ya mafunjo mapajani, kalamu ya tete mkononi.

"Ungenyoa basi," alimwambia siku ya kwanza. "Mwandishi gani ana kichaka kichwani, hata masikio hayaonekani?"

"Sinyoi."

"Sasa umbo la kichwa nitalionaje?"

"Nimesema sinyoi, fundi. Mchonge na nywele za bandia, yaishe."

Kuketi aliketi vizuri. Wengine huanza kulalamikia magoti jua likiwa bado changa, huyu hakujitikisa. Ila uso ulipoanza kutokeza jiweni, naye akaanza maneno. Pua iwe pana zaidi. Shingo iwe nene. Mabega yawe ya mtu wa kupiga kasia.

"Ya mtu wa kupiga kasia?"

"Ya mtu mwenye nguvu. Wewe chonga."

Mafundi wenzake hawakukosa la kusema. "Amemsukuma majini huyo," mmoja alinong'ona wakila vitunguu. "Amemtamani shemeji yake. Sasa anaharibu sura ili roho isijitambue, isije ikamdai."

"Funga mdomo, ule," Ipuki alimjibu. Lakini toka siku hiyo hakugusa tena mkate wa kikapu kile.

Halafu alisikia mwenyewe. Alikuwa nyuma ya sanamu akisugua mgongo kwa mchanga, na wale wawili walidhani ametoka. Henut alikuwa akilia.

"Inatosha," alisema. "Umempa uso, inatosha. Ukiendelea utatuua."

"Yeye hana mwingine wa kumtengenezea sanamu," mwanamume alijibu.

Henut alipoondoka, Ipuki alijitokeza akiwa bado ameshika patasi.

"Niambie kweli. Ulimuua ndugu yako?"

Yule mtu hakushtuka. Alilitazama jiwe, machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Kama si mimi, asingeupanda ule mtumbwi," alisema. "Maliza kazi, fundi."

Ipuki akamaliza, kwa ajili ya mjane tu. Moyoni aliiachia miungu imhukumu muuaji yule.

Siku ya kuifungua sanamu kinywa, ili roho iingie jiweni, kuhani alifika na tezo yake ya shaba ya kuigusa midomo, na pamoja naye Ankhu, mwandishi mpya wa ghala, mtu mnene mwenye maskhara. Yeye ndiye wa kuandika jina kwa wino chini ya miguu ya sanamu, ili Ipuki afuatishe kwa patasi.

"Hata mwizi ana haki ya jina lake," Ankhu alisema akichovya kalamu. "Hekalu halina ugomvi na maiti. Kesi yake tumeshaifunga." Akaandika, akapuliza wino. "Haya, Ipuki. Gonga."

"Ngoja," alisema yule mtu.

Henut alimdaka mkono. "Shemeji, twende nyumbani. Shemeji!" Alisema kwa sauti kubwa mno, karakana nzima ikageuka.

Yule mtu aliinamia maandishi. "Lifute. Hilo si jina lake."

Ankhu akaangua kicheko. "Jamani, mvuvi anasoma! Tangu lini? Hebu tusomee na magamba ya samaki!"

Mafundi nao wakacheka. Henut alipiga magoti, akaikumbatia miguu ya yule mwanamume.

"Nakuomba," alisema. "Yeye ameshakufa. Mimi niko hai. Nakuomba."

Yule mwanamume alimshika kichwa kwa upole, akajitoa mikononi mwake. Akapangusa wino kwa kiganja, akamnyang'anya Ankhu kalamu, akaandika upesi, kwa mkono usiosita, kisha akasogea kando.

Ankhu aliinama akiwa bado anacheka, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Hepu," akasoma polepole. "Mvuvi."

"Mdogo wangu," alisema Senbi.