Matanga ya Gédéon

Wanawake walioahidi kuja kulia katika filamu yetu ya mtandaoni hawakufika. Tulikuwa na matawi ya michikichi barabarani, kama matanga yoyote ya Kisangani, na mwigizaji wetu Gédéon amelala mkekani kama maiti.

Mama mmoja mpita njia akaamini ni msiba wa kweli. Aliweka chini beseni lake la samaki, akamwangukia Gédéon, akalia hadi mwili ukanisisimka. Ilinipasa kumzuia. Lakini niliacha simu iendelee kurekodi.

Gédéon akapiga chafya.

Mama akaruka nyuma. “Pardon, mama,” nilimwambia, “iko filamu tu. Ukikataa, nitaifuta.”

Alinikazia macho, machozi yakimchuruzika bado. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya vizuri.

“Bon, turudilie tangu mwanzo. Lakini huyu maiti yako asipumue!”