Pingamizi Moja Tu

Kila mtu hupewa pingamizi moja tu maishani. Langu nililimalizia kwenye mashine ya kusaga ya jirani yangu, Ambakisye. Nilisingizia kelele, ukweli ni kwamba mkewe alinipita msibani bila salamu. Mashine ikang'olewa, na tangu hapo sote tunabeba mahindi hadi ng'ambo ya mto.

Leo tumeitiwa habari ya ghala litakalofunika bonde letu zima la viazi, na kaburi la mama yangu humo humo. Niliweka kidole gumba kwenye kibao cha alama za vidole cha mtendaji wa kijiji, nipinge. Taa nyekundu ikawaka.

"Lako ulishalitumia, Mama Subilaga."

Nikamgeukia Ambakisye. "Baba Tumpe, basi tuokoe wewe."

Akainamisha kichwa. "Langu lilizuia banda lako la nguruwe."

Miaka yote hiyo nilimlaumu wifi yangu. Hata harusi ya mwanawe sikwenda.

Baada yetu kijiji kizima kilipita kwenye kibao, na kila kidole kiliwasha taa ile ile.

"Hata mmoja hayupo?" niliuliza.

"Angekuwapo hata mmoja, mama," mtendaji alijibu taratibu, "wenye ghala wasingechagua hapa."