Singo ya Salha

Siku hizi mtoto akizaliwa huchanjwa ngozi, na ngozi iliyochanjwa haikubali kitu ila mafuta ya kampuni. Ua bichi likiigusa, huvimba malengelenge.

Bi Time aliyajua hayo. Lakini mjukuu wake Salha alikuwa anaolewa kesho, na tangu lini mwari akatoka bila kusingwa? Akatwanga karafuu, asumini na mawaridi, akachanganya na marashi ikawa singo ya kumpaka mwilini, nyumba nzima ikanukia.

"Nipake kidogo tu, bibi," Salha alimsihi. "Hapa mkononi."

Mkono ukaiva papo hapo, kama uliomwagiwa uji wa moto. Bi Time akauosha, akaupaka mafuta ya kampuni, yale ya kopo lenye picha ya karafuu, yasiyonukia chochote.

Singo ikabaki tele, na moyo ulikataa kuimwaga. Bi Time, aliyezaliwa kabla ya chanjo hizo, akajisinga mwenyewe, mikono, shingo na kifua, akanukia kama siku aliyoolewa yeye.

Kesho yake Salha alikuja kuaga, kapambwa, mikono kaitanua. Alipokaribia akasita, akaishusha.

"Bibi, umejipaka?"

Bi Time akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nenda, mjukuu wangu," alisema. "Mwenzio anangoja."